Nyumba Moja, Wanyama Wangapi?

Mwalimu hufundishwa mapema kuiogopa idadi. Nilipokuwa mwanachuo katika Chuo cha Ualimu Mpwapwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wetu wa malezi alikuwa na wazo moja alilopenda kulirudia: kwamba darasa halijai pale madawati yanapokwisha, bali hujaa pale mtoto mmoja anapoweza kukosa kuja na mwalimu asijue. Tuliliandika katika madaftari yetu kama tulivyoandika mengine mengi, tukalijibia mtihani, kisha kila mmoja akaenda alikopangiwa. Mimi wazo hilo limenifuata miaka yote, na ajabu ni kwamba limenifaa zaidi uzeeni, katika jambo ambalo mkufunzi yule hakulikusudia hata kidogo. Jambo lenyewe ni mbwa na paka.

Kwanza nieleze kwa nini lilinifuata. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba kila mtoto wa rika la kwenda shule awe ameingia darasani ifikapo mwaka 1977. Lilikuwa agizo jema, na wengi waliopata kusoma kwa sababu yake leo ni wazazi na babu. Lakini sisi tuliokuwa na chaki mkononi tulipokea watoto kuliko madawati, na madawati kuliko walimu. Mwaka 1978 nilikuwa na darasa la kwanza lenye watoto 92, tukaligawa asubuhi na mchana. Hali iliwahi kurudi tena mwaka 2002 ulipoanza mpango wa MMEM, karo ya shule ya msingi ikiwa imefutwa. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu, na mezani pangu palikuwa na kiwango rasmi cha watoto 45 kwa darasa moja, na nje ya dirisha palikuwa na foleni ya akina mama walioshika watoto wao mikono. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba upendo hauna idadi, ninamwelewa, ila simwitikii haraka. Upendo hauna idadi, lakini mikono inayo.

Sasa nije nyumbani. Sisi tunaishi Morogoro, mimi na mama watoto, na mjukuu mmoja aliyekuja kusoma sekondari. Kufikia mwaka 2022 nyumba yetu ilikuwa na mbwa wanne na paka saba. Hakuna siku tuliyokaa kitako tukakubaliana kufuga wanyama kumi na mmoja. Waliingia kwa mtindo wa haba na haba hujaza kibaba. Mbwa wawili wa kwanza, Askari na Chui, tulipewa na binti yetu aliyeko Kilosa baada ya wezi kuruka ukuta. Paka wa kwanza alikuja kwa ajili ya panya, akazaa kabla hatujampa jina. Alipokwisha kuzaa mara ya pili ndipo mke wangu alipomwita Bi Mkubwa. Wengine waliachwa langoni ndani ya boksi, maana nyumba inayojulikana kwa kufungua mlango haikosi mgeni.

Nimetafakari sana kwa nini wazee wetu hawakusumbuka na swali hili. Nilizaliwa katika milima ya Ukaguru, na nyumbani kwetu palikuwa na mbwa wawili na paka mmoja. Mbwa walilinda mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori, paka alilinda kihenge. Hakuna aliyeuliza kama wanatosha, kwa sababu kazi ndiyo iliyopanga idadi. Hata lugha yetu inashuhudia. Kiswahili kina neno moja tu, kufuga, kwa ng'ombe, kuku, mbwa na paka. Tunafuga hata ndevu. Mnyama anayekaa nyumbani bila kazi yoyote ila kupendwa tu hatukumpa neno lake, kwa sababu hakuwapo. Leo yupo. Mimi sina kihenge, wala ngedere hawaji uani kwangu. Kazi imeondoka, na pamoja nayo umeondoka mpaka uliokuwa ukiwekwa na kazi. Tumebaki na moyo, na moyo ni mwalimu mbaya wa hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Paka jike hubeba mimba muda wa miezi miwili hivi, na aghalabu huzaa watoto wanne. Watoto wake majike huweza kushika mimba wakiwa na umri wa miezi sita, wengine hata kabla. Tuchukue paka mmoja azae mwezi Januari watoto wanne, wawili wakiwa majike. Mwezi Julai mama azae tena wanne. Mwezi Septemba mabinti zake wawili wazae kila mmoja wanne. Kabla ya Krismasi paka mmoja amekuwa kumi na saba, na sijahesabu uzao wa tatu wa mama, ambao ni jambo la kawaida. Kweli wengi hufa wakiwa wadogo. Lakini nani anayetaka kutegemea kifo kiwe mpango wake wa uzazi?

Wapo waliojaribu kulimaliza swali hili kwa sheria. Nchini Singapore, ambako watu wengi huishi katika maghorofa yaliyojengwa na serikali, familia katika nyumba hizo huruhusiwa mbwa mmoja tu, tena wa aina zilizoidhinishwa. Paka walikuwa wamekatazwa kabisa hadi Septemba 2024, ambapo waliruhusiwa wawili. Miji kadhaa ya Marekani nayo imeweka idadi yake. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amtunze vizuri wala asimtese. Mimi naona busara katika njia zote mbili. Namba ya sheria hulinda jirani aliye upande wa pili wa ukuta mwembamba. Lakini namba hiyo haiwezi kujua kwamba mstaafu mmoja anawamudu wanne na kijana mwenye mshahara mkubwa hamudu hata mmoja, kwa sababu hayupo nyumbani tangu alfajiri hadi usiku.

Kilichonifanya niliangalie jambo hili kwa macho mengine ni kifo cha mwalimu mwenzangu, mama mmoja mstaafu aliyeishi mitaa miwili kutoka kwetu. Alikuwa mjane, na alifuga mbwa tisa. Aliwapa majina ya mafumbo kama ilivyo desturi ya watu wetu: Mtasema, Vumilia, Yataisha, na mengine ambayo mawifi zake waliyaelewa vizuri zaidi kuliko mimi. Kila jioni aliwasongea ugali wa dona uliochanganywa na dagaa, na kila mmoja alikuwa na sahani yake. Nasema bila kusita kwamba sijamwona mtu aliyewapenda wanyama kuliko yeye. Alifariki mwaka 2019 baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Wanawe walikuja kutoka Dar es Salaam na Mwanza, wakamzika mama yao kwa heshima. Baada ya arobaini wakafunga nyumba ili ipangishwe. Siwalaumu. Mmoja anaishi katika vyumba viwili vya kupanga, mwingine husafiri kila wiki. Mbwa tisa wangewapeleka wapi? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, lakini huu kila aliyejaribu kuunyanyua aliuona ni mawe. Mbwa walilala nje ya lango lililofungwa kwa majuma mawili, wakingoja sahani zao. Mimi na mke wangu tulikwenda kila jioni na sufuria, kisha tukawachukua wawili waliokubali kufuata kamba, Mtasema na Vumilia. Wengine walianza kwenda jalalani karibu na soko. Mwezi wa pili mtoto mmoja aliumwa mguuni. Mama yake, Mungu ambariki, alikiosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, akamkimbiza hospitali, akaanzishiwa sindano. Juma lililofuata wakaja watu wenye bunduki. Kwa nusu saa tulisikia milio, na mke wangu alikaa jikoni na wale wawili, amewashika shingo.

Mtoto alipona. Lakini watu waliofanya mzaha juu ya ile sabuni hawajui walichokuwa wakikicheka. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kuosha jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, na kuwahi chanjo, ndiko kunakookoa. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885 huko Ufaransa, na hadi leo, miaka mingi baadaye, wanaoumwa zaidi ni watoto, kwa sababu wao ndio wanaocheza njiani. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo kila mwenye mbwa asiyechanjwa anafuga jambo lisilo lake peke yake. Tangu siku ile nimeshika kanuni moja nyumbani: mbwa ambaye siwezi kumpeleka kwa chanjo kila mwaka, huyo si wangu, ingawa analala uani kwangu.

Yapo na mengine yanayohusu jirani. Upande wa kulia wetu anaishi bibi mmoja, Hajati, mtu wa sala tano. Unyevu wa mbwa ukimgusa nguo hana budi kujitoharisha kabla ya kusali. Hajawahi kulalamika. Lakini mwenye adabu hangoji malalamiko. Mbwa wetu hufungwa kabla ya adhana ya alfajiri, maana ndio wakati anaotoka. Mbwa wawili kuwafunga si kazi. Wanne ni kazi. Tisa haiwezekani, na hapo ndipo unapogundua kwamba idadi yako imeamuliwa pia na miguu ya jirani yako.

Lakini lililokuwa likinikosesha usingizi halikuwa jirani, wala chakula, wala chanjo. Lilikuwa lile lango lililofungwa. Mimi nimepita miaka sabini. Mama watoto ananifuata kwa karibu. Mbwa huweza kuishi miaka kumi na zaidi, paka akitunzwa ndani hufika kumi na mitano. Mtu wa umri wangu akimpokea mtoto wa paka, anampokea mnyama ambaye huenda akamzika yeye.

Desemba 2022 watoto wetu walipokuja kwa sikukuu, nilitoa daftari. Wakacheka, wakasema, "Baba bado ni mwalimu mkuu." Nilikuwa nimechora safu mbili kama daftari la mahudhurio. Safu ya kwanza ilikuwa na majina kumi na moja ya wanyama. Safu ya pili ilikuwa tupu. Nikawaambia, "Sisi tukitangulia, huyu atakuwa wa nani? Nataka jina la mtu, sitaki neno 'tutaangalia'." Kicheko kikaisha.

Binti wa Kilosa, aliye na shamba na stoo ya mahindi, akasema atawapokea Askari na Chui, na paka wawili, Kidoti na Karafuu. Mwanangu wa Dodoma akasema mkewe hapendi paka, lakini watoto wanampenda Soksi, basi aandikiwe Soksi. Wa Dar es Salaam akasema kwa upole, "Baba, mwenye nyumba wangu hataki hata kuku. Nisikudanganye." Nikamshukuru kuliko wote, maana ukweli wa mapema ni msaada. Watano wakawa wamepata jina.

Wa sita alitushangaza. Hajati alikuja kutupa salamu za sikukuu, akauliza tunaandika nini. Alipoelezwa akasema, "Mwalimu, huyo Bi Mkubwa mwandike kwangu. Mchana wote analala kibarazani kwangu, kwani hamjui?" Paka kwake si najisi, akaongeza, na tena huyo ana adabu za mtu mzima.

Wakabaki watano wenye nafasi tupu: mbwa wale wawili wa marehemu, na paka watatu, Makaa, Jivu na Tabu. Nikafunga daftari nikasema, "Basi jibu tumelipata. Nyumba hii inaweza sita. Watano wamezidi."

Mama watoto alikuwa akimenya vitunguu. Hakuinua kichwa. "Kwa hiyo," akasema, "wanaozidi ni wale waliokataliwa? Mtasema ameshaachwa langoni mara moja. Wewe unataka kumwacha mara ya pili kwa daftari?"

Nimeishi na mwanamke huyu miaka zaidi ya arobaini na mitano, najua maneno yake ya kupita na maneno yake ya kukaa. Haya yalikuwa ya kukaa. Tulizungumza siku tatu. Mimi nilishikilia idadi, yeye alishikilia umri. Alisema mnyama mzee hahamishwi. Nyumba ndiyo macho yake na masikio yake, ukimwondoa umempofusha. Nami nilisema mnyama kijana ndiye atakayebaki yatima muda mrefu zaidi. Mwishowe tuliona kwamba hatukuwa tukipingana. Wazee wabaki. Vijana watafutiwe kwao sasa, wakati sisi bado tuna miguu ya kwenda kuwatembelea. Na asizaliwe mwingine.

Hilo la mwisho tulilitekeleza kwanza. Tulimwita daktari wa mifugo, madume yakahasiwa na majike yakafungwa kizazi, wawili wawili, kadiri pensheni ilivyoruhusu. Mwezi mmoja tulikula maharage zaidi ya kawaida. Makaa alikwenda kwa mwenye duka la nafaka sokoni, na Jivu kwa mwenye mashine ya kusaga, ambaye sasa ananiambia hawezi kumrudisha hata nikimlipa. Tabu ana jicho moja na miaka mingi, tukamwacha.

Nilidhani kazi imekwisha. Mwaka uliofuata, asubuhi ya mvua, boksi likaletwa tena langoni. Ndani mlikuwa na mtoto wa paka mmoja, rangi ya chungwa, macho yamefunguka juzi tu. Mjukuu wangu akanitazama. Nadhani alitaka kujua kama babu yake ni mtu wa daftari au ni mtu.

Hapo nikazikumbuka zile foleni za mwaka 2002. Mwalimu mkuu mwenye darasa lililojaa ana njia mbili za kusema hapana. Anaweza kumwonyesha mzazi namba ukutani na kufunga dirisha. Au anaweza kuchukua kalamu, akaandika barua kwa shule ya jirani, na kama ipo nafasi akamsindikiza mtoto mwenyewe. Wote wawili wamekataa, na darasa la wote wawili limebaki na idadi ile ile. Lakini mtoto wa kwanza yuko barabarani, na wa pili yuko shuleni.

Basi yule wa rangi ya chungwa alikaa kwetu siku kumi na mbili. Mama watoto alimnyonyesha maziwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mjukuu alimlaza kwenye sweta lake la shule, nami nilitembea. Nilikwenda kwa wanafunzi wangu wa zamani, na mwalimu wa siku nyingi anao kila mtaa: mshonaji, fundi baiskeli, karani, muuza samaki. Nilikataliwa na saba. Wa nane, aliyekuwa darasa langu la watoto 92, alisema binti yake amekuwa akililia paka. "Shikamoo Mwalimu," akasema, "mlete, lakini uje kunifundisha namna ya kumlea." Nilikwenda mara tatu. Nitasema nini zaidi? Kukataa vizuri ni kazi kubwa kuliko kupokea.

Msomaji wangu, kama unataka namba kutoka kwangu, sina. Sita yetu si sita yako. Lakini nitakupa vipimo nilivyovitumia. Je, kila jioni unaweza kuwahesabu kwa jina, na anayekosekana ukamjua kabla ya kulala? Je, unaweza kuwatunza katika mwezi mbaya, ule ambao chanjo, ugonjwa na ada ya mjukuu vimekutana, wala si katika mwezi mzuri? Je, jirani yako analala, na anapita njia yake kwa amani? Na mwisho, ambacho kwa mtu wa umri wangu ndicho kikubwa: chukua daftari, andika majina yao, na mbele ya kila jina andika jina la mtu aliyekubali kwa kinywa chake. Nafasi zitakazobaki tupu zitakuambia ulichotaka kujua.

Vumilia alikufa mwaka 2024, usingizini, akazikwa chini ya mwembe. Sasa tuna wanane. Wiki iliyopita nilifungua daftari ili nilisahihishe, nikakuta mama watoto amepita na penseli. Mbele ya Tabu ameandika jina la mjukuu, naye mjukuu ameweka saini. Mbele ya Mtasema, ambaye sasa ni mzee wa mvi na huamka kwa taabu, hakuandika jina la mtu. Ameandika, "Huyu tutamngoja." Nimeliacha hivyo hivyo.